Mtu Aliyeziba Nyufa: Tigran Petrosian na Sanaa ya Kujihami

Juma hili twawaalika kumtazama mtu ambaye jina lake halivumi sana kwetu, ingawa kwa miaka sita, tangu 1963 hadi 1969, alishika taji la ubingwa wa dunia katika mchezo wa sataranji. Ni Tigran Petrosian, Mwarmenia aliyezaliwa Tbilisi, nchini Georgia, tarehe 17 Juni 1929. Tumemchagua kwa sababu moja. Mabingwa wengi husifiwa kwa namna walivyoshambulia. Huyu alijulikana kwa namna alivyozuia. Watu waligawanyika juu yake tangu angali kijana, na hata leo hawajapatana: wengine humwita msanii, wengine humwita mwoga. Yatupasa kuwasikiliza wote kabla ya kuamua.

Utoto wake haukuwa mwepesi. Wazazi wake walifariki wakati wa Vita Kuu ya Pili, naye akabaki yatima akiwa bado mvulana. Alifagia barabara ili apate mkate. Katika miaka hiyohiyo masikio yake yalianza kupoteza uwezo wa kusikia, na utu uzima wake wote alitumia kifaa cha kumsaidia kusikia. Wako waandishi waliosema kwamba mtoto aliyepotewa na kila kitu ndiye aliyekuja kuwa mchezaji asiyetaka kupoteza chochote. Maelezo hayo yanavutia, lakini sisi tunayapokea kwa tahadhari. Mayatima wa vita ile walikuwa mamilioni, na katika sataranji baadhi yao walicheza kama moto wa nyika. Sababu iliyo karibu zaidi ni kitabu. Kijana Petrosian alisoma maandishi ya Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, aliyefundisha kwamba mchezaji mwema huuliza kwanza mpinzani wake anataka nini, kisha humnyima kitu hicho kabla hajakishika. Wahenga wetu walilijua somo hilo bila ubao: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa wale ambao wamezoea bao au drafti kuliko sataranji, tuseme maneno machache. Kila upande una kete kumi na sita: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Anayemnasa mfalme wa mwenzake asiweze kuponyoka ndiye mshindi. Kete hazina thamani sawa. Kwa hesabu inayofundishwa wanafunzi, ngome ni sawa na askari watano, ilhali farasi au askofu ni sawa na askari watatu hivi. Basi mtu anayetoa ngome yake na kupokea farasi au askofu amepata hasara, na mwalimu yeyote atamkemea mwanafunzi afanyaye hivyo. Petrosian aliifanya hasara hiyo kuwa alama yake. Na jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi aliitoa ngome pasipo shambulio lolote, ili tu kutuliza mahali palipokuwa panachemka.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ulitokea Zurich, mwaka 1953, katika mashindano ya kumtafuta mgombea wa ubingwa wa dunia. Petrosian alikuwa na kete nyeusi dhidi ya Samuel Reshevsky wa Marekani. Reshevsky alikuwa na askari wawili bega kwa bega katikati ya ubao, na kila aliyetazama aliona kwamba wakisonga mbele wangefagia kila kitu. Petrosian alikuwa na farasi ambaye angeweza kuwazuia kama angefika mbele yao, lakini farasi huyo hakuwa na njia. Ndipo katika hatua ya 25 alipoisogeza ngome yake mahali ambapo askofu wa Reshevsky angeweza kuila. Hakuwa akimtishia mtu. Ngome iliwazibia askari njia, na kwa kuondoka pale ilipokuwa ilimfungulia farasi mlango. Reshevsky aliila baadaye kidogo, farasi akafika kituoni pake, na askari wale wa kutisha wakasimama kama mikokoteni iliyokwama matopeni. Mchezo uliisha kwa sare. Hebu fikirini: mojawapo ya hatua zinazosifiwa kuliko zote katika karne nzima haikuleta ushindi. Ilileta nusu pointi, kutoka mahali ambapo wengi wangeondoka mikono mitupu.

Tusidhani hata hivyo kwamba alikuwa mashine. Mwaka 1956, mjini Amsterdam, alimbana David Bronstein hata Bronstein akabaki akimsogeza farasi wake mbele na nyuma kwa kukosa la kufanya. Kisha, katika mojawapo ya safari hizo, farasi yule akamtishia malkia wa Petrosian, na Petrosian hakuona. Malkia akaliwa, mchezo ukaisha. Aliyejulikana kwa kuona hatari za mbali asiione iliyo puani pake!

Sasa tufike Curaçao, kisiwa cha Karibi, ambako mwaka 1962 wachezaji wanane walikutana, kila mmoja akicheza na kila mwenzake mara nne. Hapa ndipo palipo na jambo linalowasumbua wote wampendao Petrosian. Yeye, Paul Keres na Efim Geller, wote watatu wa Umoja wa Kisovyeti, walicheza wao kwa wao michezo kumi na miwili, na yote kumi na miwili ilikuwa sare. Kwa wastani ilimalizika katika hatua kumi na tisa hivi. Wengine walitoka jasho kwa saa tano, wao wakapeana mikono na kwenda kupumzika. Petrosian alimaliza wa kwanza kwa pointi 17.5, bila kushindwa hata mchezo mmoja. Keres na Geller wakapata 17 kila mmoja. Bobby Fischer, kijana wa Marekani aliyekuwa na miaka 19, alipata 14, na miezi michache baadaye akaandika katika gazeti la Sports Illustrated kwamba Warusi wameupanga ubingwa wa dunia wapendavyo.

Je, alisema kweli? Kwa maoni yetu, kuhusu sare zile alisema kweli. Michezo kumi na miwili haiwezi kuisha hivyo kwa bahati. Lakini kanuni za wakati ule hazikuwakataza wachezaji kukubaliana sare, na Fischer mwenyewe alikuwa nyuma kwa pointi tatu na nusu, pengo ambalo haliwezi kuelezwa kwa mapumziko ya wenzake pekee. Tena mapatano yale hayakumlinda Petrosian dhidi ya wengine watano aliopaswa kuwakabili. Shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lilitoa hukumu yake kwa vitendo: kuanzia 1965 wagombea walipambana wawili wawili, na mshindwa akaaga. Sisi twaona kwamba doa lile lipo na halifutiki. Ubora wa mtu katika fani yake haumwondolei deni la haki kwa wale wanaoketi meza za jirani.

Mwaka uliofuata, mjini Moscow, Petrosian alikutana na Mikhail Botvinnik, mwenye miaka 51, mtu aliyelitawala taji kwa vipindi vitatu. Mchezo wa kwanza Petrosian alishindwa. Wengi wangekimbilia kulipiza. Yeye alitulia, akaurudisha usawa katika mchezo wa tano, na polepole akamchosha mzee. Mechi iliisha baada ya michezo 22: Petrosian alishinda mitano, akapoteza miwili, sare kumi na tano, yaani 12.5 kwa 9.5. Huko Yerevan, mji mkuu wa Armenia, hatua zilizotumwa kutoka Moscow zilionyeshwa kwenye mbao kubwa katika uwanja wa Opera, na umati ulisimama kuzifuata. Taifa dogo ambalo mwanzoni mwa karne lilikuwa limechinjwa na kutawanywa lilikuwa na mtu wake kileleni. Hakuna aliyeuliza pale uwanjani kama mchezo wake ulikuwa wa kusisimua.

Mwaka 1966 alilitetea taji dhidi ya Boris Spassky kwa 12.5 kwa 11.5. Tangu Alekhine mwaka 1934, hakuna bingwa aliyekuwa amemshinda mgombea katika mechi. Botvinnik alikuwa ameponea kwa sare tu mara mbili. Wale wanaomwita Petrosian mwoga tungewaomba wautazame mchezo wa kumi. Mara mbili alitoa ngome kwa kete ndogo, na katika hatua ya 30 akamtuma malkia hadi kwenye pembe ya ubao, mikononi mwa mfalme wa Spassky. Mfalme akimla malkia, farasi anaruka na kumtishia mfalme na malkia wa Spassky kwa pigo moja. Spassky alikubali kushindwa papo hapo. Mtu huyu alijua kupiga. Alikuwa tu haoni sababu ya kupiga kabla ya mlango kufunguka.

Gharama ya njia hiyo ilionekana pia. Anayesubiri sana humwachia mwenzake nafasi ya kukua, na mwaka 1969 Spassky, aliyekwisha kujifunza, alilitwaa taji kwa 12.5 kwa 10.5. Mwaka 1971, mjini Buenos Aires, akaja Fischer, aliyekuwa amewafunga Taimanov na Larsen 6 kwa 0 kila mmoja. Petrosian alimshinda katika mchezo wa pili, zikafuata sare tatu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba ukuta umepatikana. Kisha Fischer alishinda michezo minne mfululizo, na mambo yakaisha: 6.5 kwa 2.5.

Hata hivyo kuna hesabu moja ambayo hatujaona wa kuikaribia. Kati ya 1958 na 1978 Petrosian aliichezea timu ya Umoja wa Kisovyeti katika Olimpiadi kumi za sataranji, jumla ya michezo 129. Alishinda 78, akatoka sare 50, akapoteza mmoja tu, dhidi ya Robert Hübner wa Ujerumani Magharibi, huko Skopje mwaka 1972, naye aliupoteza kwa kuishiwa muda kwenye saa. Kwa wenzake wa timu, mtu asiyeshindwa ni hazina, hata kama watazamaji wanapiga miayo.

Petrosian alifariki Moscow tarehe 13 Agosti 1984. Armenia ililiingiza somo la sataranji katika shule zake za msingi mwaka 2011, na mwaka 2018 ikaitia sura yake kwenye noti ya dramu 2,000. Timu yake ya taifa ilitwaa Olimpiadi mwaka 2006, 2008 na 2012. Katika vikosi vya 2008 na 2012 alikuwemo grandmasta mmoja aliyezaliwa Septemba 1984, mwezi mmoja tu baada ya mazishi yale. Jina la ukoo wake lilikuwa tayari Petrosian, ingawa hawakuwa ndugu. Baba yake akamwita Tigran.