Nani Huamua Kwamba Kipimo Kimethibitika? CT na Saratani ya Utumbo Mpana Marekani, 1994–2025

Historia ya vifaa vya tiba mara nyingi husimuliwa kama orodha ya wavumbuzi na tarehe. Katika insha hii ninaangalia jinsi CT ilivyoingia katika uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana nchini Marekani. Ninadai kwamba uvumbuzi ulikuwa sehemu fupi tu. Kilichochukua miaka mingi ni kukubaliana ushahidi unamhusu nani, na nani alipe.

Saratani hii aghalabu huanza na vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo na kukaa miaka bila maumivu. Vikionekana mapema na kukatwa, saratani huweza kuzuiwa. Njia iliyozoeleka ni kolonoskopia, yaani kuingiza mrija wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa. Wako wanaoikwepa kwa hofu au haya.

CT ilitumika kwa mgonjwa mara ya kwanza London mwaka 1971. Godfrey Hounsfield, aliyeiunda, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia aliyeanza kazi hiyo akiwa Cape Town. Mwaka 1994, David Vining wa North Carolina alionyesha kuwa kompyuta inaweza kuunganisha picha za CT za utumbo uliojazwa hewa, daktari akaukagua kwenye skrini bila mrija.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mwaka 2003, utafiti wa Perry Pickhardt na wenzake kwa watu 1,233 wasio na dalili uliripoti kuwa CT iligundua takriban asilimia 94 ya vinyama vya milimita 10 au zaidi. Mwaka uliofuata, utafiti wa Peter Cotton na wenzake katika hospitali 9, kwa watu 615, ulipata asilimia 55 tu. Ninaiona tofauti hii kama kiini cha historia yote. Pickhardt alitumia picha za pande tatu na dawa ya kutia alama mabaki ya kinyesi. Kundi la Cotton halikutumia dawa hiyo, na wasomaji wake wengi hawakuwa na uzoefu mkubwa. Hivyo matokeo yalitegemea pia maandalizi na jicho la msomaji.

Mwaka 2008, utafiti wa vituo 15 ulipata asilimia 90. Hata hivyo, mwaka 2009 Medicare, bima ya serikali ya wazee, ilikataa kulipia. Sababu mojawapo ilikuwa nzito: washiriki wa tafiti kuu walikuwa na wastani wa umri chini ya miaka 60, ilhali Medicare huhudumia hasa walio na miaka 65 na zaidi. Mwaka 2010 Rais Barack Obama alipimwa kwa njia hiyohiyo. Wazee wa Medicare walisubiri hadi Januari 2025.

Wapo watakaosema ucheleweshaji huo ulikuwa tahadhari ya haki, kwa kuwa CT hutumia mionzi, na kinyama kikionekana bado mrija unahitajika ili kukikata. Nakubali hoja hiyo ina uzito. Lakini miaka 31 kati ya onyesho la Vining na malipo ya Medicare inatufundisha kwamba mwanahistoria wa tiba asiishie maabara. Asome pia maamuzi ya bima, kwani huko ndiko kipimo kinapokuwa haki ya wengi au kubaki cha wachache.