Mwanamke wa Nyangwe aliyekataa mtumbwi

Zamu ya kuandika imeniangukia mimi, na mada ni historia ya wanawake wa kwetu na ujasiri wao. Kwanza nilitaka kuandika juu ya wanawake wenye vyeo. Lakini kuna aibu moja niliipata mtoni, na aibu ile ndiyo ilinituma kusoma historia hii. Basi naanzia pale.

Ilikuwa kiangazi, nilikuwa natafuta habari za masoko kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nilivuka Lualaba kwa mtumbwi pamoja na wamama waliokuwa wanaenda soko, kila mmoja na kitunga chake: samaki wakavu, unga wa muhogo, mafuta ya ngazi. Tulipofika katikati, upepo ukaanza. Maji yaliingia kidogo. Nilishika kando ya mtumbwi kwa mikono yote miwili, nikafunga macho. Mama mmoja mzee aliyekaa nyuma yangu akasema:

“Ma, unatetemeka sawa kuku. Haujue kuogelea?”

Nikajibu: “Hapana, mama.”

“Na umesoma myaka ngapi?”

“Kumi na saba.”

“Myaka kumi na saba yote, na maji iko hapa!”

Mtumbwi mzima ukacheka, hata mpiga kasia. Mimi pia nilicheka, lakini ndani ya roho nilisikia vibaya. Nimezaliwa teritware ya Kasongo, kati ya Lualaba na Luama, na sijui kuogelea!

Tena si mimi peke yangu. Kwetu nyumbani mtoto mwanamke alikatazwa kabisa kucheza mtoni. Mdogo wake mama yangu alikufa maji kule Luama wakati wa mvua, mimi sijazaliwa bado. Tangu siku ile mama alikuwa na neno moja tu: “Mto ulishakula mutu mu nyumba hii, hautakula wa pili.” Kaka zangu walijifunza kuogelea kwa kujificha. Sisi wasichana tulichota maji, tukarudi mbio. Uoga wa mama ulikuwa na sababu yake, siwezi kumcheka. Lakini ulitulinda kwa namna gani? Tulivuka tu mito ile ile, kwa mitumbwi ile ile, bila kujua la kufanya ikipinduka.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na swali moja: wale wamama walijifunza wapi, na tangu lini? Nikaanza kutafuta katika vitabu vya wale waliopita kwetu zamani. Ndipo nikamkuta mwanamke mmoja asiye na jina.

Wengi wetu tulisoma shuleni kwamba David Livingstone alipita Maniema. Alifika Kabambare, ambayo yeye aliandika “Bambarre”, mwezi wa 9 mwaka 1869. Mwaka uliofuata alilala pale miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu. Mwezi wa 2 mwaka 1871 aliondoka, akavuka Luama, akafika Nyangwe mwishoni mwa mwezi wa 3. Nyangwe iko kwetu, teritware ya Kasongo, kwenye kingo ya kuume ya Lualaba. Wakati ule wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa kutoka pwani walikuwa wamejenga pale.

Kilichomshangaza Livingstone kule Nyangwe ni soko. Alikuta maelfu ya watu, na wengi wao walikuwa wanawake. Walitoka vijiji vya mbali, wengine walivuka mto, wakiwa na mizigo mizito: vyungu, samaki, chumvi, kuku, mafuta, unga. Walijua kubishana bei, walicheka, walikasirika, wakapatana. Soko lilikuwa fasi ya amani. Hata wakati makabila yalikuwa na ugomvi, wamama walipita kwenda soko na kurudi.

Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871 amani ile ilivunjwa. Asubuhi ile ng’ambo ya mto vijiji vilikuwa vinaungua, vimeshambuliwa na watu wa misafara. Hata hivyo, watu karibu 1500 walikuja soko. Hebu tusimame kidogo hapo. Moshi walikuwa wanauona, na walikuja, kwa sababu soko ndilo lilikuwa maisha. Kisha watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe wakaingia na bunduki. Ugomvi ukaanza juu ya bei ya kuku, na mara wakaanza kupiga risasi kati ya watu. Wengine walisimama karibu na mitumbwi, nao wakapiga wale waliokuwa wanakimbilia mtoni. Mitumbwi ilikuwa imejazana katika mkono mwembamba wa maji, haikuweza kutoka. Watu walijitupa katika Lualaba. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu kati ya watu 330 na 400 waliokufa, kwa risasi na kwa maji.

Sasa niseme kitu juu ya ushahidi huu, maana sisi ni watu wa masomo. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Habari za siku zile aliziandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino wa matunda ya porini. Wino ule ulififia karibu wote. Mwaka 2011 wataalamu walitoa maandishi yale ya kwanza, wakiyasoma kwa kamera za mwanga maalum. Ikaonekana kwamba kitabu kilichotolewa mwaka 1874, baada ya kifo chake, hakifanani kwa kila kitu na kile alichoandika siku zile, hasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Kwa hiyo tusome kwa akili. Aliyeandika alikuwa mgeni, akitazama kutoka upande mmoja wa soko. Wamama wenyewe hakuna aliyewauliza.

Lakini katika habari ile kuna jambo moja ambalo tangu nililisoma haliniachi. Dugumbe, yule yule ambaye watu wake walikuwa wanaua, aliweka watu katika mtumbwi mmoja kuokoa waliokuwa majini. Waliokota watu 21. Mwanamke mmoja akakataa kupanda. Aliwaza kwamba wakimtoa majini watamfanya mtumwa. Akaona heri aogelee, ajaribu bahati yake na mto. Livingstone anaongeza sababu: wanawake wa Wagenya walikuwa mafundi wa maji, kwa kuwa walizoea kuzama mtoni kutafuta chaza.

Wagenya munawajua, watu wa mto. Wengi tunawafikiri wale wa maporomoko ya Kisangani na mitego yao ya samaki, lakini mto wao unaanzia huku kwetu. Na katika habari hii waliozama ni wanawake. Kuzama kutafuta chaza si mchezo. Unavuta pumzi, unashuka, unapapasa chini, unahesabu pumzi iliyobaki, unapanda. Unaujua mkondo, unajua fasi gani maji yanavuta na fasi gani yanakutuliza. Msichana aliyeanza kazi hiyo akiwa mdogo alikuwa na shule ndefu kuliko myaka yangu kumi na saba.

Mimi naona jambo ni hili: uamuzi wa yule mwanamke haukutoka mbinguni siku ile. Aliweza kusema hapana kwa sababu alikuwa na njia nyingine, na ile njia ilikuwa katika mikono na mapafu yake mwenyewe. Asiyejua kuogelea angepanda ule mtumbwi, apende asipende. Ujasiri tunaousifu siku ya hatari ulikuwa umetengenezwa siku nyingi za kawaida, pole pole, hakuna anayetazama.

Nisiwadanganye lakini. Kuogelea hakukuokoa wote. Livingstone aliona vichwa vingi vikielekea kisiwa kilichokuwa mbali, mkondo mkali ukiwapiga, vikipotea kimoja kimoja. Wengi kati yao walijua maji vizuri kama yeye. Na kama yule mwanamke alifika nchi kavu, kitabu hakisemi. Kinamwacha akiogelea.

Ujasiri wa pili ni wa wale waliobaki. Mwingereza mwingine, Cameron, alifika Nyangwe mwezi wa 8 mwaka 1874, myaka tatu baada ya mauaji. Alikuta nini? Soko. Wamama wanakuja kwa mitumbwi na vyungu na samaki wao. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta soko, akaandika orodha ndefu ya vitu vilivyouzwa. Ebu fikiri yule wa kwanza aliyerudi. Fikiri mama anayesukuma mtumbwi wake kuelekea fasi ile ile ambapo dada yake alipotea. Hakuna mtu aliyemjengea sanamu. Alirudi kwa sababu chumvi ilihitajika na watoto walihitaji kula, na pia kwa sababu hakukubali kwamba ile fasi ni ya watu wa bunduki.

Na njia ya miguu pia ilikuwa na wanawake wake. Katika msafara wa Livingstone kulikuwa mpishi jina lake Halima. Alikuwa mtumwa. Livingstone alimsifu kuliko wengi, akaandika kwamba atampa uhuru na kumnunulia nyumba na shamba Zanzibar. Akafa mwaka 1873 kabla ya kutimiza. Halima alikuwa kati ya wale waliobeba safari ile mpaka mwisho, kutoka bara mpaka Bagamoyo, ambako mwili wa mzungu ulifika mwezi wa 2 mwaka 1874. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza, majina yao yakaingia vitabuni. Halima alitembea njia ile ile. Ni wangapi kati yetu walisikia jina lake shuleni?

Kuna wenzetu wanasema: mambo ya safari, mito na milima ni ya wazungu na ya watu wenye pesa. Ni kweli, mwanamke anayepanda Kilimanjaro kwa kupenda na mama anayetembea kutoka Kabambare mpaka Kasongo, zaidi ya kilomita 100, na kitunga mgongoni, hawafanani. Mmoja amechagua. Mwingine njaa imemchagulia. Tusiuite umaskini mchezo. Lakini pia tusiseme kwamba mama yule hana ujuzi, ana taabu tu. Anajua mito, anajua mawingu, anajua kijiji gani kina watu wa kukulaza usiku. Hiyo ni elimu. Kinachoniuma ni kwamba sisi wenye diplome tumeiacha, tukabaki na uoga peke yake.

Mimi nilirudi kwa yule mama mzee. Nilimwambia: “Mama, nimekuja kusoma.” Alicheka tena, akanipa mjukuu wake wa kike, kama myaka 13, awe mwalimu wangu. Tulienda fasi ambayo wao wanaijua, maji yanatulia na hakuna mamba. Nilishika bidon tupu kifuani, nikapiga miguu. Nilikunywa Lualaba mingi! Wiki ya kwanza nililia. Mwalimu wangu alinitazama tu, akasema: “Yaya, usipigane na maji. Lala juu yake.” Wiki ya tatu nililala juu yake.

Kumwambia mama yangu ilikuwa ngumu kuliko mto. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nilimsomea habari ya Nyangwe, nikiigeuza katika Kiswahili chetu. Nilipofika kwa yule aliyekataa mtumbwi, akauliza: “Alifika?” Nikasema kitabu hakisemi. Akakaa kimya, kisha akasema: “Mudogo wangu, hakuna mutu alimufundisha.” Baada ya hapo akaenda kupika. Lakini jumapili iliyofuata alikuja mtoni, akakaa kingoni akishika nguo zangu, macho hayakutoka juu yangu hata dakika moja.

Vijana wenzangu, sina mafundisho makubwa. Naomba vitu viwili tu. Kwanza, tuulize koko zetu sasa, wakiwa bado hapa: walivuka wapi, walitembea na nani, walijifunza nini njiani, na tuandike majina yao, kusudi asiwepo tena mwanamke wa kukumbukwa bila jina. Pili, kila mmoja wetu mwenye dada mdogo au mtoto wa kike amtafutie mtu wa kumfundisha maji, fasi salama, pamoja na mkubwa anayetazama. Na chama chetu kikipanga safari ya kuvuka mto, tusipande bila jile za kuokoa maisha. Hata fundi wa maji hushindwa na mkondo.

Mwezi uliopita nilivuka tena Lualaba. Upepo ulikuwepo. Nilishika kando ya mtumbwi kwa mkono mmoja tu.