Pembe, Sandarusi na Kitasa cha Plastiki

Mwenye gari la zamani hapa Unguja, awe na Morris Minor, Peugeot 404 au Land Rover ya enzi za ukoloni, aghalabu hakulalamikii injini. Injini ni chuma, na chuma kina mafundi wake. Atakulalamikia vitu vidogo: mkono wa kushushia kioo, kifuniko cha taa ya ndani, kipande cha dashibodi kilichopasuka kwa jua, au usukani uliojaa nyufa kama ardhi ya kiangazi. Hivyo ni vya plastiki, na plastiki ya gari lililotoka kiwandani mwaka 1958 si kitu cha kutumwa mtoto dukani Darajani akakinunua.

Mazungumzo yangu ya juma hili, ndugu wasikilizaji na wasomaji, yanahusu vipande hivyo na namna vinavyoweza kutengenezwa upya. Najua atatokea wa kuniuliza: nchi ina shida ya maji na bei ya unga, nawe watuletea habari za vitasa? Namwomba astahamili kidogo. Habari hii inatuhusu sisi Wazanzibari kuliko tunavyodhani, kwani plastiki na jamaa zake zilikuja kuchukua mahali pa bidhaa mbili zilizokuwa zikipakiwa katika bandari yetu.

Bidhaa ya kwanza ni pembe za ndovu. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikafungua ubalozi wake mdogo hapa Mjini. Wafanyabiashara wa mji wa Salem walileta nguo, ile tuliyoiita merikani, wakaondoka na pembe. Pembe za Afrika Mashariki zilisifika kwa ulaini wake. Hazikupasuka ovyo zilipochongwa. Zilikwenda katika vijiji viwili vya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vya vinanda. Nyingine ziligeuzwa mipira ya kuchezea biliadi. Pembe hizo zilitoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa misafara ya watu kama Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye nyumba yake ingali inajulikana mtaani Shangani. Zilibebwa mabegani na wapagazi, na si wote walikuwa huru. Hesabu ya damu iliyomwagika, ya watu na ya wanyama, hakuna daftari lililoiandika yote.

Ndovu ni mnyama anayezaa polepole. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya New York iliyotengeneza vifaa vya biliadi iliona bei ya pembe inapanda, ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu badala yake. Mpiga chapa mmoja, John Wesley Hyatt, akajaribu, na mwaka 1870 akapata hataza ya kitu kilichokuja kuitwa seluloidi, kilichotokana na pamba iliyotiwa tindikali na kuchanganywa na kafuri. Mwingereza Alexander Parkes alikwisha kuonesha kitu cha namna hiyo London mwaka 1862. Hapo ndipo ilipoanza safari ya plastiki. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, akabuni Bakelite, plastiki ya kwanza isiyotokana na mmea wala mnyama. Kwa hiyo vile vifundo vyeupe vya krimu vilivyopamba dashibodi za magari ya kale, na ambavyo wenye viwanda waliviita rangi ya pembe, vinabeba kumbukumbu ya ndovu waliopitia forodhani kwetu.

Bidhaa ya pili ni sandarusi. Vijana wa leo huenda wanaijua kwa kufukizia tu. Sandarusi ni utomvu wa mti uliozama mchangani miaka mingi, hata ukawa mgumu kama jiwe. Ilichimbwa Mrima, kuanzia Bagamoyo hadi Rufiji, ikaletwa Unguja kusafirishwa ng'ambo. Ile changa isiyokomaa iliitwa chakazi, na wafanyabiashara wa Kizungu, kwa kushindwa kulitamka neno hilo, wakaigeuza jina ikawa jackass, yaani punda. Sandarusi iliyokomaa ilikuwa malighafi bora ya vanishi, nayo vanishi ndiyo iliyong'arisha mabehewa ya kukokotwa na farasi, na baadaye motokari za mwanzo. Gari lilipakwa tabaka juu ya tabaka, likangojewa likauke kwa majuma kadhaa.

Kisha, mwaka 1923, kampuni ya DuPont pamoja na General Motors wakatoa rangi iitwayo Duco, inayokauka kwa saa chache tu. Asili yake ilikuwa pamba ile ile iliyotiwa tindikali, ndugu wa seluloidi ya Hyatt. Tazameni maajabu ya historia: jamii moja ya vitu vya maabara iliingia kwanza mahali pa pembe yetu, halafu mahali pa sandarusi yetu. Tuliuza malighafi, wenzetu wakajifunza kutengeneza badala yake. Kilichobaki kwetu ni kununua kilichokwisha kutengenezwa. Hilo ndilo jeraha ninalotaka tuliangalie leo.

Turudi kwenye gari. Kwa nini plastiki ya kale huharibika? Usukani wa zamani una duara la chuma ndani na plastiki nje. Plastiki husinyaa kadiri miaka inavyopita, chuma hakisinyai, basi ganda hupasuka. Vinili ya viti na dashibodi hutiwa mafuta ya kuilainisha. Joto huyatoa kidogo kidogo. Ule ukungu wa mafuta unaoufuta ndani ya kioo cha mbele sehemu yake ni mafuta hayo. Yakipungua, vinili hukauka na kupasuka. Jua la kwetu hufanya kwa muda mfupi kazi ambayo Ulaya huchukua miaka mingi.

Na kutengeneza upya je? Si uchawi. Kwanza, kipande cha zamani husafishwa, nyufa zake zikazibwa kwa pati, kikapigwa msasa mpaka kiwe laini, kwani kalibu huiga hata mkwaruzo wa ukucha. Kisha huwekwa ndani ya sanduku dogo na kumiminiwa mpira wa silikoni, nusu ya kwanza, halafu nusu ya pili, na kuachiwa vijia vya hewa kutokea. Mpira ukishaganda, kipande hutolewa, na ndani ya lile pengo humiminwa rezini ya maji mawili yanayochanganywa, ambayo huganda na kuwa plastiki ngumu. Kalibu moja huweza kutoa vipande vingi kabla ya kuchakaa. Kwa kipande kipana na chembamba, kama bamba la mlangoni, karatasi nene ya plastiki hupashwa moto mpaka ilegee, ikalazwa juu ya umbo la mbao au plasta, na hewa ikafyonzwa kwa chini ili ikumbatie umbo hilo.

Yapo mambo ya kujihadhari. Rezini husinyaa kidogo inapoganda, hivyo nakala huwa ndogo kuliko asili, na nakala ya nakala huwa ndogo zaidi. Fundi mzuri hupima kabla ya kumimina. Moshi wa rezini hudhuru mapafu, kazi yake ni ya mahali penye upepo. Siku hizi zipo mashine za kuchapa vitu vya plastiki kutoka kwenye kompyuta, lakini plastiki yake iliyo maarufu kuliko zote huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na dashibodi ya gari lililoachwa juani huweza kupita hapo. Kitu kitakachopendeza kwenye kabati ya Stockholm kinaweza kupinda mchana mmoja pale Malindi. Na jambo kubwa kuliko yote: kifundo na kifuniko viigwe, lakini kitu kinachobeba uhai wa mtu, kama usukani au kishikizo cha mkanda, kisitegemee rezini peke yake.

Hapa Unguja ustadi wa namna hii si mgeni. Wengi wetu tumepanda zile gari za shamba zilizojengwa mabodi ya mbao na maseremala wetu, juu ya malori yaliyokuja yakiwa na kichwa na fremu tu. Katika uhaba wa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, mafundi walichonga kwa mbao kilichokuwa cha plastiki, wakashona viti upya, wakayeyusha aluminiamu chakavu na kuimimina katika kalibu za mchanga. Hawakuwa wakitafuta mambo ya kale. Walitaka gari liende Makunduchi na kurudi. Baadaye magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi, na ule ujuzi ukaanza kuonekana kama alama ya umaskini. Wahenga walituonya: usitupe mbachao kwa msala upitao.

Nakumbusha pia mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Mitepe ilitoweka katika bahari yetu mnamo nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 uliundwa mmoja upya hapa Zanzibar, ukawekwa katika Jumba la Ajabu. Hakuna aliyedai kwamba ni wa karne ya 19. Ulikuwa nakala, ukaitwa nakala, na watoto wa skuli wakajifunza kwao. Na Jumba la Ajabu lenyewe, lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Kitu kikubwa huanza kufa kwa ufa mdogo ambao hakuna aliyeuona una thamani.

Kwa hivyo nina mawili ya kusema. La kwanza ni uaminifu. Anayetengeneza kitasa kipya atie alama yake na mwaka kwa nyuma, ili mnunuzi asiuziwe kipya kwa bei ya kale. Kuiga kwa uwazi ni ufundi. Kuiga kwa siri ni wizi. La pili ni elimu. Tunazo skuli za mafunzo ya amali, tunayo Taasisi ya Karume pale Mbweni. Kijana aliyejifunza kutengeneza kalibu ya kifundo cha Morris anaweza kesho kutengeneza kifuniko cha mashine ya hospitali, kipuri cha friji au cha pampu ya maji, vitu ambavyo tunavitupa kizima kwa sababu kipande kimoja kimevunjika. Basi yule aliyeuliza habari za maji na unga, naona nimemjibu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe mwenye gari la marehemu babu uani, kipande cha plastiki kikikatika, usikitupe jaani. Kitie ndani ya mfuko, uandike kimetoka wapi, ukiweke. Nusu ya kipande inatosha kumwonesha fundi umbo lake. Kikishapotea, hata fundi bingwa hana pa kuanzia.