Mgongo wa Nguruwe

Chopsi ya nguruwe ni chakula cha nusu saa. Unapangusa nyama ikauke, unaitia chumvi na pilipili manga, unachanja ule ukingo wa mafuta mahali pawili patatu ili kipande kisijikunje, kisha unakiweka kwenye kikaangio chenye moto wa kutosha. Dakika nne au tano upande mmoja, nyingine kama hizo upande wa pili, halafu unakisimamisha kwa ukingo wake ili mafuta yatoke. Ndani ya mafuta hayo hayo unatupa vipande vya nanasi, kitunguu saumu kilichopondwa na kijiti cha rozmeri. Nanasi likishika rangi ya kahawia, umemaliza.

Watu wengi hukiita chakula hiki cha kizungu, au cha kisasa, kana kwamba kilishuka na ndege juzi. Kumbe kila kilichomo kwenye kikaangio kina historia ndefu hapa hapa Kenya, na katika sehemu moja ya historia hiyo watu watatu waliuawa kwa risasi.

Tuanze na nguruwe mwenyewe. Kabla ya ukoloni, jamii nyingi za bara zilifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wakikuyu, ambao ardhi yao ndiyo ingekuja kuwa kitovu cha biashara ya nguruwe, hawakuwa na desturi ya kula wanyama wa porini, na nguruwe mwitu kwao alikuwa adui wa shamba la viazi vitamu, basi. Pwani nako Uislamu ulikuwa umeshafunga mjadala zamani. Nguruwe wa kufugwa aliletwa na walowezi Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu Mwingereza wa wakati huo hakuona asubuhi imekamilika bila bekoni.

Lakini nchi haikumpokea mgeni huyo kimya kimya. Mwaka 1921 daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, R. Eustace Montgomery, alichapisha taarifa ya ugonjwa uliokuwa ukifagia mabanda ya walowezi tangu karibu mwaka 1910. Karibu kila nguruwe aliyeupata alikufa. Dalili zilifanana na za homa ya nguruwe iliyojulikana Ulaya, ila Montgomery alionyesha kwamba huu ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, na akawashuku nguruwe wa porini. Hakukosea. Ngiri hubeba virusi hivyo bila kuugua, na kupe wanaoishi ndani ya mashimo yao huvipitisha. Virusi vilikuwa wenyeji wa zamani. Aliyekuwa mgeni ni nguruwe. Leo dunia nzima inakijua kitu hicho kwa jina la homa ya nguruwe ya Afrika. Ilifika Lisbon mwaka 1957, Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018. Hadi sasa haina tiba.

Kinga iliyobaki ilikuwa ua. Nguruwe afungiwe, na ngiri azuiwe asimkaribie. Jambo hilo linaonekana dogo hadi ujiulize nani alikuwa na pesa za waya na nguzo, nani alikuwa na ekari za kutenga, na nani alikuwa anaishi kwenye kipande cha ardhi ya mtu mwingine akilipa kwa jasho. Ufugaji wa nguruwe kwa biashara ukawa kazi ya setla, na Mwafrika akaingia ndani ya ua huo kama kibarua.

Njia ya nguruwe hao iliishia Uplands, kule juu ya Limuru, kwenye baridi na ukungu, pembeni mwa reli. Hapo kilisimama kiwanda cha bekoni kilichochinja, kukata na kukausha nyama kwa chumvi. Hapa nisimame kidogo kwenye suala la mkato, maana nalo ni ushahidi. Chopsi hutoka mgongoni, kwenye ule mnofu laini unaofuata uti wa mgongo. Bekoni ya Kiingereza pia hutoka mgongoni. Kwa hiyo mnofu ni mmoja na wateja ni wawili: ukiupeleka kwenye chumvi unapata bekoni, ukiukata mbichi pamoja na mfupa unapata chopsi. Kwa vyovyote vile ulikuwa unakwenda kwenye sahani ya mtu mwenye nafasi. Sio bure kwamba hadi leo ukienda kwenye bucha ya nguruwe mtaani huulizwi unataka mkato gani. Nyama inakatwa kwa panga juu ya gogo, mfupa na mafuta na mnofu pamoja, na wewe unasema robo, nusu au kilo. Chopsi zilizopangwa sawasawa ziko supamaketi.

Mwaka 1947 ulianza na mgomo mkuu wa Mombasa mwezi Januari. Kutokana na mgomo huo kikazaliwa chama cha wafanyakazi Waafrika, African Workers Federation, chini ya uongozi wa Chege Kibachia. Kibachia hakuridhika na Mombasa peke yake. Alipanda bara kuwaunganisha wafanyakazi wa huko. Mwezi Agosti serikali ilimkamata, ikampeleka kizuizini Kabarnet. Mwezi uliofuata, Septemba, wafanyakazi wa kiwanda cha Uplands waligoma. Polisi wakafyatua risasi. Watu watatu wakafa.

Tunaikumbuka miaka hiyo kwa habari za msitu, viapo na kesi ya Kapenguria, na ni haki. Lakini Uplands ilikuja kabla ya yote hayo, na iliwahusu watu ambao kazi yao ilikuwa kuandaa kifungua kinywa cha wengine. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho jipya la vyama vya wafanyakazi, na serikali ikalipinga vilevile. Ukitaka kujua kwa nini vijana wengi wa Kiambu na Nairobi waliacha kuamini barua na maombi, risasi za Uplands ni mahali pazuri pa kuanzia.

Basi nyama hiyo ilivukaje kutoka meza ya setla hadi kwetu? Njia moja ilikuwa jikoni. Wapishi wa nyumba za walowezi walikuwa Waafrika, wengi wao wanaume, na wao ndio walioshika mwiko. Anayejulikana zaidi ni Kamante Gatura, mpishi wa Karen Blixen. Blixen mwenyewe aliandika jinsi kijana huyo alivyopika vyakula vya Ulaya kwa ustadi wa kushangaza, huku moyo wake ukibaki kwenye chakula cha kwao. Wazia ujuzi wa aina hiyo: kujua kwa pua na kwa jicho kwamba nyama imeiva, bila kuitamani. Wapishi kama yeye walipostaafu, mikono yao ilirudi nyumbani na ujuzi huo.

Matunda yalifuata mantiki yake. Kwa Mwingereza, nguruwe huliwa na tofaa, kwa sababu uchachu wa tunda hukata unene wa mafuta. Hapa tofaa lilikuwa ghali, na nanasi lilikuwa karibu. Nanasi nalo ni mhamiaji, asili yake Amerika ya Kusini. Mashamba makubwa ya Thika yalianza kulilisha kiwanda cha Kenya Canners mwishoni mwa miaka ya 1940, na baadaye jina la Del Monte likawa kubwa kuliko jina la mahali penyewe. Madai ya wakazi wa Kandara kuhusu ardhi hiyo hayajazikwa. Kwa mpishi, nanasi bichi lina sifa ya ziada: lina kimeng'enya kinacholainisha nyama. Robo saa inatosha. Ukiliacha na nyama usiku kucha utaamka ukute uji.

Na rozmeri? Ni mmea wa Bahari ya Kati ambao Nairobi uligeuka kuwa ua wa nyumba. Unakatwa kila mwezi, matawi yanatupwa, huku supamaketi ikiuza vijiti vitano ndani ya plastiki.

Sio kila Mkenya amefunguka kwa nyama hii. Waislamu hawaili, wala Wasabato, ambao wamekuwa na mizizi Nyanza tangu misheni ya Gendia ya mwaka 1906. Tanzania lugha yenyewe imeshughulikia jambo hilo kwa utani: nguruwe ni kitimoto, au mbuzi katoliki. Utani una kikomo chake. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa jijini Dar es Salaam.

Kwa upande wetu, ua umehama. Nguruwe leo yuko kwa mkulima mdogo wa Busia na Kakamega, mara nyingi amefungwa kamba au anazurura, na homa ile ile ya Montgomery ikipita inaondoka na karo ya mtoto. Kuna tegu pia, mnyoo ambao mtu huupata kwa kula nyama yenye malengelenge isiyoiva. Mayai yake yakimfikia mtu kupitia choo kibovu na mikono michafu, huweza kujenga ubongoni na kuleta kifafa. Ndiyo maana ushauri wa mikahawa ya ng'ambo, kwamba chopsi iachwe na wekundu kidogo katikati, haufai kuigwa bila kufikiri. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, na uikaange hadi maji yanayotoka karibu na mfupa yawe meupe.

Ukishaipakua, iache itulie dakika tatu kabla hujaikata. Katika dakika hizo unaweza kuwasimulia walioketi mezani habari za Septemba 1947. Wengi hawajawahi kuzisikia, hata wale wanaopita Uplands kila wiki wakielekea Naivasha.