Kivuli cha 1919 kilifika kwetu pia

Septemba 1, 2016, watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona jua likipatwa kipete. Mwezi uliingia katikati ya jua, ukabakiza pete ya mwanga kwa takriban dakika tatu. Momela, chini ya Mlima Meru, iko mbali kaskazini mwa njia ile, kwa hiyo huku jua lilimegwa tu. Hata kumegwa ni somo. Chini ya mkuyu, kila upenyo kati ya majani hugeuka tundu la kamera, na vile vidoa vya mwanga tulivyozoea kuviona duara huwa hilali ndogo ndogo, mamia kwa mamia, zimetapakaa vumbini.

Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, nalo liko mbali nasi mara 400 hivi zaidi; ndiyo maana machoni vinakaribia kulingana. Mwezi ukiwa sehemu ya mbali ya njia yake, hautoshi kulifunika jua lote, na hapo ndipo kipete hutokea.

Mei 29, 1919, mwezi ulipolifunika jua lote, mwanaastronomia Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, wenzake wakiwa Sobral, Brazil. Walipiga picha za nyota zilizoonekana kando ya jua lililopatwa, wapime kama jua hupinda mwanga kwa kiasi alichotabiri Albert Einstein. Matokeo yalimuunga mkono, na Einstein akawa maarufu duniani. Masimulizi mengi huishia Príncipe. Kivuli chenyewe kiliendelea: kikavuka Kongo, kikaingia kusini mwa nchi yetu, wakati huo ikiwa mikononi mwa Waingereza waliowatoa Wajerumani, kikaishia Msumbiji jua likikaribia kuzama. Giza lile lile liliwafunika wakulima wa kusini, na historia yao inastahili kusimuliwa pamoja na ya Eddington.

Kivuli kimerudi tena na tena: Tanzania asubuhi ya Oktoba 23, 1976; Tanzania na Kenya Februari 16, 1980. Kipete cha Januari 15, 2010, kilichopita Kampala na Nairobi, ndicho kirefu kuliko vyote vya milenia hii, zaidi ya dakika 11 kule Bahari ya Hindi.

Mei 21, 2031, kipete kitapita Tanzania tena. Walimu wa Momela, waulizeni wazee wanaokumbuka kupatwa kwa 1976 na 1980 wakiwa wangali nasi. Siku ikifika, wanafunzi waandike saa, mawingu, na heroe wa Maziwa ya Momela walifanya nini. Wala mtoto asitazame jua kwa miwani ya kawaida. Apewe miwani maalumu, au kadibodi yenye tundu, atazame doa la mwanga linaloangukia chini.