Jinsia ya Daktari Mtarajali na Uchunguzi wa Ngozi ya Sehemu za Siri

Mkazi wa Hedaru, wilayani Same, anayepata kidonda, muwasho au uvimbe sehemu za siri huanzia zahanati au kituo cha afya. Tatizo likizidi uwezo wa hapo, hupewa rufaa. Ngazi ya juu Kanda ya Kaskazini ni Hospitali ya KCMC, Moshi, ambako tangu miaka ya 1990 kipo kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachopokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Katika hospitali za mafunzo, mgonjwa hupokelewa mara nyingi na daktari mtarajali, yaani mhitimu wa shahada ya miaka 5 aliye katika mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Kujiamini kwake hutokana na wagonjwa aliowachunguza, na hapo ndipo jinsia huingia. Tafiti za Ulaya na Marekani zimeonesha kuwa wanawake hukataa zaidi kuchunguzwa na wanafunzi wa kiume, hivyo vijana hao hupata nafasi chache za kujifunza. Aidha, wanafunzi wa kike huelekea kujipima chini ya wenzao wa kiume hata pale ufanisi wao unapolingana. Aibu, kwa hiyo, si ya mgonjwa peke yake. Daktari naye ana yake.

Hatari ni dawa kuandikwa bila kuangalia. Kichocho cha sehemu za siri kwa wanawake hufanana na magonjwa ya zinaa, na mgonjwa aweza kupewa antibiotiki mara kadhaa bila nafuu. Vinundu vya kaswende ya hatua ya pili hudhaniwa kuwa sunzua, ilhali kipimo cha damu kingetenganisha. Fangasi iliyopakwa krimu ya steroidi hufifia kwa muda, kisha husambaa.

Kituo chenye mtoa huduma mmoja wa zamu hakiwezi kumpangia kila mgonjwa daktari wa jinsia yake. Kinachowezekana ni faragha, maelezo kabla ya uchunguzi, ridhaa, na muuguzi wa jinsia ya mgonjwa kuwapo chumbani. Mgonjwa anayo haki ya kuliomba hilo, na pia ya kukataa mwanafunzi asikosekane na tiba. Ataje dawa zote alizopaka, zikiwamo za dukani na za kienyeji.