Aliyewazika Maadui Zake kwa Majina

Ndugu msikilizaji, juma hili nakusimulia habari ya kaburi moja lililoko Marekani, na ya mtu aliyelichimba.

Nilipokuwa nikiishi huko nilipanga chumba kwa mzee mmoja wa Kizungu, mzaliwa wa jimbo la North Carolina. Baba wa babu yake alikuwa askari wa Shirikisho la Kusini, yaani yale majimbo 11 yaliyojitenga na kupigana na serikali ya Marekani tangu 1861 hadi 1865 ili yasinyang'anywe watumwa wao. Kwao ilijulikana tu kwamba alikwenda vitani asirudi. Mzee akaniomba tumtafute alipozikwa.

Nakiri kwamba nilisita. Mimi Mwafrika, nimtafutie kaburi mtu aliyebeba bunduki ili watu wa rangi yangu waendelee kuuzwa? Lakini nilikuwa nimekula chumvi ya mzee yule, nikakubali.

Tulianzia Washington, katika Nyaraka za Taifa, zinakohifadhiwa kumbukumbu za askari wa pande zote mbili. Karatasi chache zilitosha. Alitekwa tarehe 15 Januari 1865, ngome ya Fort Fisher ilipoanguka, akapelekwa kambi ya wafungwa wa vita ya Elmira, jimboni New York. Mwezi Machi akafa kwa homa ya mapafu.

Kambi ile ilidumu kama mwaka mmoja tu. Iliingiza wafungwa zaidi ya 12,000, na karibu 3,000 kati yao walikufa kwa baridi, ndui, kuhara na chakula duni. Kwa hiyo tulipofika makaburi ya Woodlawn, nilitazamia shimo la halaiki. Sivyo. Tulikuta mawe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, kila moja na jina lake. Na la kwetu lilikuwapo.

Mzikaji wao alikuwa John W. Jones. Huyu alizaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1817. Mwaka 1844 alitoroka hadi Elmira, akawa mtunza makaburi, na kwa siri akawasaidia watoro wapatao 800 kuendelea na safari yao. Serikali ilimlipa dola 2.50 kwa kila maiti, awe na jina au asiwe nalo. Angeweza kufukia tu akaenda zake. Badala yake aliandika jina la kila mmoja, kikosi chake na siku aliyokufa, daftarini na kwenye ubao wa kaburini. Katika maiti 2,973 alizozika, waliokosa majina ni saba tu.

Mzee alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza, "Na yeye amelala wapi?"

Jones alifariki mwaka 1900, akazikwa mle mle Woodlawn. Mzee akayagawa maua yake mafungu mawili.

Ndugu msikilizaji, kuandika jina la maiti si kukubali alichokipigania. Vita vile vilikuwa vya dhuluma, na jiwe la kaburi haliifuti. Lakini Jones, aliyetendewa kama mali, alikataa kumtendea mtu yeyote hivyo, hata adui. Mimi niliyesita kutafuta jina moja tu niliona haya mbele ya mtu aliyeandika maelfu.